Shangazi, shemeji amehamia kwetu na chatu

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, naishi Umoja na mume wangu na binti yetu wa miaka 3, na nina mimba ya miezi 6. Tangu Machi tunaishi na shemeji, mdogo wa mume wangu, aliyekuja na chatu wake. Anasema rafiki yake alimwokota Kitui akiwa mdogo wa kutoshea kwenye mkebe wa Kimbo. Sasa ana kama mita 2.5. Anakaa sebuleni kwenye kasha la mbao lenye kioo, linalofungwa kwa komeo dogo, na ndani kuna balbu ya kumpa joto. Shemeji hufanya shifti ya usiku Industrial Area, na mume wangu ni dereva wa matatu, hutoka saa kumi alfajiri. Kila baada ya wiki mbili tatu shemeji huleta sungura hai na kumtupia humo kashani, binti yetu akitazama na kupiga makofi.

Wiki jana tokeni za stima ziliisha usiku. Asubuhi nikakuta kasha liko wazi na nyoka yuko jikoni, amejikunja kando ya jiko la makaa nililopikia githeri. Nilipiga mayowe hadi majirani wakaja. Mume wangu anacheka. Anasema chatu hana sumu, huyu ni mpole, mtoto humpapasa, na kwao Omieri, chatu anayeheshimiwa na Waluo, ni baraka. Shemeji anasema nikimfukuza nyoka nimemfukuza yeye. Mama mkwe ameshapiga simu kuuliza kwa nini nasumbua watoto wake. Je, naogopa bure? Na keateka akijua, tutafukuzwa?

Mama Neema, Umoja

Marahaba, Mama Neema. Huogopi bure hata kidogo. Ya mama mkwe yanaweza kungoja hadi Jumapili. Ya usiku wa leo hayangoji, kwa hiyo tuanze na hayo.

Neema asilale sebuleni wala asilale peke yake. Alale chumbani kwako, mlango ufungwe kwa kitasa, na mwanya wa chini uzibwe kwa ubao uliopigiliwa misumari, maana blanketi lililosokotwa chatu hulisukuma kwa pua tu. Kipimo chako kiwe kichwa chake: tundu linalopitisha kichwa litapitisha na mwili. Halafu kasha. Komeo dogo halifai kwa sababu chatu hafungui mlango, anausukuma. Usiku hupitisha pua kwenye pembe zote, akikuta panapocheza atarudi hapo hapo tena na tena, na skrubu fupi zilizoshika mbao laini hulegea kidogo kidogo hadi siku zinapong'oka. Fundi aweke pete mbili za kutilia kufuli, moja juu na moja chini ya mlango, zishikwe na boliti zinazotoboa mbao hadi upande wa pili na kukazwa kwa nati. Matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wa chuma uliokazwa kwa skrubu. Wavu wa mbu uliobanwa kwa pini ni pambo. Mpaka fundi afike, mume wako azungushie kasha lote mkanda wa kukazia mizigo, mara mbili. Shemeji akiwa kazini asifungue mtu, hata kama maji ya nyoka yameisha. Na sungura, awe hai au amechinjwa, asiingie tena nyumbani humo.

Hayo ni ya siku chache tu. Sikufundishi kasha ili mwendelee kufuga. Nakupa muda wa kumwondoa kwa njia inayofaa.

Kwa nini alitoka usiku ule? Nyoka hajitengenezei joto la mwili. Chatu anataka upande mmoja wa kasha uwe na nyuzi 30 hadi 32 na upande wa pili kama 26, na Nairobi msimu wa baridi usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 12 na chini yake. Balbu ilipozimika akaanza kutafuta joto, na jiko lako la githeri ndilo lililokuwa bado na majivu ya moto. Angelikosa hilo, vitu vingine vyenye joto ndani ya nyumba ile usiku ule vilikuwa watu waliolala. Kuna hadithi inayozungushwa kwenye simu kwamba chatu akijinyoosha kando ya mtu anampima kama atamtosha. Ni uzushi, nyoka hapimi, anafuata joto. Lakini chatu aliyefuata joto akaguswa ghafla gizani na kiganja kidogo kinachonuka sungura hahitaji kupima chochote.

Balbu nayo tusiiache hivi hivi. Ikining'inia ndani ya kasha bila kizuizi cha wavu, nyoka hujizungushia na kuungua. Ikiwa haina themostati ya kuizima joto likizidi, mnalala na kitu kinachopika mbao kavu usiku kucha kwenye ekstensheni moja na friji na televisheni.

Sasa huo upole. Mume wako hasemi uongo: chatu aliyezoeshwa kushikwa tangu udogo anaweza kukaa miaka bila kumuuma mtu. Ila kuzoea si kupenda. Kwake kuna cha kuogopa, cha kula, na kisichomhusu, na ninyi kwa sasa hamumhusu. Kinachoweza kuwahamisha hadi kwenye chakula ni harufu, joto na mwendo, vikikutana kwa wakati mmoja. Kwenye midomo ana vishimo vinavyohisi joto, kwa hiyo hata gizani anajua kilipo kiumbe chenye damu ya moto. Ulimi humletea harufu. Mkono wa mtu aliyembeba sungura saa moja iliyopita una joto la sungura, harufu ya sungura, na unasogea. Anarusha kichwa kwanza, mengine baadaye, na yote hayo hayachukui hata sekunde moja. Wafugaji wengi walioumwa na nyoka wao wenyewe waliumwa wakati wa kulisha, na walikuwa na nyoka "mpole".

Shemeji ameongeza kosa jingine juu ya hilo: anamlisha ndani ya kasha lile lile, kupitia mlango ule ule anaoufungua ili mtoto ampapase. Nyoka amejifunza kwamba mlango ukifunguka huenda chakula kimefika. Wanaojua kazi hii humgusa kwanza kwa fimbo yenye kulabu, pole pole, ili ajue leo si siku ya kula. Huosha mikono kwa sabuni kabla ya kumsogelea. Na humpa mnyama aliyekwisha kufa kwa koleo refu, maana sungura hai naye huuma na kukwaruza nyoka. Na hawafanyi peke yao. Kanuni yao ni kwamba chatu akipita mita 2.5, hafunguliwi wala kulishwa bila watu wazima wawili wenye nguvu kuwapo chumbani. Kwenu, mume wako akishatoka saa kumi alfajiri, mtu mzima aliyepo ni mmoja, naye ni mjamzito.

Utaambiwa mita 2.5 bado ni mdogo. Mwaka 2009 huko Florida, Marekani, mtoto wa kike wa miaka 2 aliuawa kitandani na chatu wa Burma wa nyumbani mwao aliyetoroka usiku. Alikuwa na urefu wa mita 2.6 hivi, tena amekonda. Mama wa mtoto na mpenzi wake walifungwa. Mwaka 2017 huko Hampshire, Uingereza, mwanamume wa miaka 31, mfugaji mzoefu, aliuawa na chatu wake wa Afrika wa mita 2.4. Na mwaka 2013, Campbellton, Kanada, chatu wa Afrika, jamii moja na huyo wa Kitui, alitoka kizimbani kupitia tundu la hewa la darini, akaangukia sebule ambayo wavulana wawili wa miaka 4 na 6 walikuwa wamelala. Wote wawili walikufa. Hakuwala. Mwonyeshe mume wako hilo la Campbellton, kwa sababu anafikiri hatari ni kumezwa, na mtoto hahitaji kumezwa ili afe.

"Hana sumu" ni kweli, na haisaidii. Zamani tulifundishwa kwamba chatu humnyima mnyama pumzi hadi akate roho. Utafiti uliochapishwa 2015, uliofanywa kwa boa, nyoka mwingine anayeua kwa kubana, na panya, ulionyesha kwamba kinachoanza kuharibika ni damu: mizingo ikikaza, shinikizo hushuka na moyo hushindwa kuisukuma, ndani ya sekunde chache. Utafiti mwingine wa 2012 ulionyesha kwamba boa huhisi mapigo ya moyo wa mnyama aliyebanwa na huendelea kukaza maadamu moyo unapiga. Kwa mtu, mzingo mmoja shingoni unatosha. Damu isipofika kwenye ubongo, fahamu hupotea kabla hajamaliza kuita jina la mtu. Ndiyo maana mayowe yako, yaliyowaleta majirani, yalikuwa na faida kwa sababu tu nyoka hakuwa amemshika mtu.

Iwapo atamshika, huu ndio mpango, na kila mtu mzima wa nyumba hiyo aujue. Usivute kichwa. Meno yake ni mengi, yamepinda kuelekea kooni, na ukivuta unachana nyama na kuyaacha yamevunjikia ndani. Anza mkiani. Mkia ndio dhaifu. Ushike, uuzungushe kinyume na mzingo, umkunjue duru moja baada ya nyingine kuelekea kichwani, na mtu wa pili ashikilie kilichokwisha kukunjuliwa asijifunge upya. Kama mzingo uko shingoni, shingo ndiyo ya kwanza: pitisha mkono wako kati ya nyoka na koo la mtoto hata kama mkono utabanwa, huku mtu wa pili akifanya kazi ya mkia. Akiwa bado ameng'ata, mmiminie spiriti ya vidonda au sanitaiza mdomoni; mara nyingi huachia. Kwa hiyo chupa ikae juu ya kabati la sebuleni, siyo bafuni. Akiachia, msukumie kichwa mbele kidogo ili meno yachomoke kwa njia yalivyoingilia. Na kama haachii, chukua panga. Ukifika hapo hatuzungumzii tena uhifadhi.

Mtu akizimia na hapumui, mlaze chali sakafuni, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha mpulizie pumzi mbili, uendelee hivyo bila kusimama. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6. Kwa Neema tumia kiganja kimoja, kama sentimita 5. Mwingine apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kidonda cha meno kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, kisha hospitali: kuna pepopunda, kuna usaha, na kuna vipande vya meno vya kutafutwa. Aliyebanwa kifua au shingo apelekwe hata kama anasema yuko sawa.

Kuna na hili ambalo hukuuliza. Nyoka wengi hubeba salmonela matumboni bila kuugua, na vijidudu hivyo hukaa kwenye magamba, kinyesi na bakuli la maji. Watoto chini ya miaka 5 na wajawazito ndio huumizwa zaidi. Ni wewe na Neema, wote wawili. Kupapasa kukome leo. Bakuli la nyoka lisioshwe kwenye sinki la vyombo wala kwenye karai la nguo za mtoto. Likwanguliwe uchafu kwanza, kwa sababu jiki ikikutana na uchafu inapungua nguvu, ndipo liloweshwe dakika 10 kwenye kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe tisa vya maji. Afanye shemeji, siyo wewe. Mtoto akianza kuhara na homa, mwambie daktari mapema kwamba nyumbani kuna nyoka.

Kuhusu Omieri sitabishana na imani ya wakwe zako. Lakini Omieri aliyeonekana Nyakach mwaka 2003 alikuwa kichakani, jike lililolalia mayai yake, na watu walimpelekea kuku huko huko. Hakuna aliyemwingiza ndani na kumfungia chini ya balbu. Mume wako akitaka kisa kingine cha humu nchini, kuna cha Sabaki, karibu na Malindi, Aprili 2009: mfanyakazi wa shamba alimkanyaga chatu usiku, akafungwa na kuvutwa hadi juu ya mti, akamuuma mkia kwa meno yake na akafaulu kupiga simu kuomba msaada. Alipona kwa sababu alikuwa mwanamume mwenye nguvu na mkono mmoja ulikuwa huru. Baada ya kuokolewa kwake, yule chatu alipelekwa mahali pa kuhifadhiwa Malindi, na kabla hakujakucha alikuwa ameshatoroka.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, mnyamapori hafugwi bila kibali, na mwenye kusimamia vibali ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Chatu aliyeokotwa Kitui na kuletwa Umoja kwenye mkebe hana kibali, na hakuna karatasi ya kuandikwa leo itakayofanya kuokotwa kule kuwe halali. Hata angenunuliwa ng'ambo, chatu wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na hawaingii nchini bila vibali. Adhabu ni faini na jela, na polisi wakibisha hodi, jina la mwenye kukodi nyumba ni la mume wako.

Njia ya kutokea ni KWS. Makao yao makuu yako Langata Road, na wana watu wa kuja kumchukua. Shemeji apige mwenyewe, aseme aina, urefu, alipo, na kwamba amefungiwa. Anayejitokeza hutazamwa tofauti na anayekutwa, ingawa siwezi kumwahidi hawatamuuliza maswali. Akiwa na hofu, azungumze na wakili kwanza, siku hiyo hiyo. Akitaka ushauri wa mtu anayemjua nyoka, Snake Park ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa 1961 pale Museum Hill, wanashughulika na chatu kila siku. Asimlishe tena mpaka aondoke: chatu mzima wa afya hukaa wiki kadhaa bila kula, na aliyetoka kula hutapika akisafirishwa. Asimtie kwenye gunia na kupanda naye boda. Na asije akamwachia Karura au kando ya Mto Nairobi usiku akidhani amemhurumia. Nyoka aliyezoea watu hufuata watu, na aliyekaa kifungoni anaweza kupeleka maradhi kwa wenzake wa porini. Everglades ya Florida imejaa chatu wa Burma kwa sababu ya watu waliofuga, wakachoka, wakaacha mlango wazi.

Shemeji umjie kwa heshima, bila majirani, na mume wako akiwepo. Usianze na "mimi au nyoka", kwa sababu atachagua kununa. Muulize mambo ya kazi: nani atafungua kasha saa nane usiku likitokea jambo, kibali kiko wapi, na akifika mita 4 na kilo 40 atakaa wapi. Jike la chatu wa kwetu hufika hapo, na kifungoni huishi miaka 20 na zaidi. Nyoka wa kiasi hicho hutaka kasha la angalau mita 2.4 kwa 1.2, kubwa kuliko sebule ya wengi wenu inavyoweza kubeba. Mwambie waziwazi kwamba yeye ni mtoto wa nyumba na anabaki. Huenda ndilo alilokuwa akiogopa. Kijana aliyehamia mjini, halali usiku, ana kiumbe kimoja tu cha kwake; ninamwelewa, na nyoka bado anaondoka.

Mama mkwe mpigie wewe kabla hajapiga tena. Usimsimulie habari za nyoka kwa ujumla, mwambie alikokutwa asubuhi ile na mjukuu wake alikokuwa amelala. Mabibi wengi wakisikia hivyo hugeuza gari wenyewe. Wakikataa wote watatu, mpe mume wako siku tatu, umchukue Neema mwende kwa dada au kwa mama yako, na simu ya KWS upige wewe. Hilo si kuvunja ndoa.

Keateka ana haki ya kujua, na majirani waliokuja kwa mayowe yako wameshamwambia, usijidanganye. Mwendee na mume wako, mseme nyoka yuko ndani, amefungiwa kwa kufuli mbili, KWS wamepigiwa na siku ya kumchukua ni fulani. Mwenye nyumba anaweza kukasirika, na mkataba wenu ukikataza wanyama ana sababu. Lakini mpangaji aliyekuja na tarehe mkononi husikilizwa. Mwombe pia akuonyeshe zilipo swichi kuu za stima za ngazi yenu, na awazuie watoto wa ploti wasije kuchungulia dirishani. Kioo cha kasha kinavunjika kwa jiwe moja.